Mstari Wangu wa Pili

Mimi ni Lisbeth Röthlisberger, na kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa katibu wa chama ambacho hata mashemeji zangu hawajui jina lake sawasawa. Kinaitwa Umoja wa Kikristo. Hatumo popote duniani ila katika mji wetu wa Hinterau na mashamba ya vilimani juu yake, na watu wakitutaja husema "wale wa kusali." Kumbukumbu za mikutano yote tangu nilipokuwa na miaka thelathini nimeziandika mimi, na za kabla yangu nimezisoma. Kwa hiyo nikisema chama hiki kina ugonjwa, usidhani nasengenya. Ninasoma daftari.

Kilianzishwa mwaka 1934 na watengeneza jibini wanne na mwalimu mmoja, waliochoshwa na chama kikubwa cha wakulima kufanyia mikutano yake baa. Mwaka huohuo tukapata kiti kimoja kati ya saba vya halmashauri ya mji. Mwaka 1938 tukakipata tena, lakini aliyechaguliwa alikuwa mtu wa imani ya kale ya milimani, asiyeapa kwa lolote, na siku ya kuapishwa akasimama kimya mpaka kiti akapewa mwingine. Sheria ilimruhusu kuahidi badala ya kuapa. Hakuna aliyemwambia, naye aliona kuuliza ni kujikweza. Mwaka 1946 tulipata viti viwili, tukaingiwa na hofu, na uchaguzi uliofuata tukasimamisha mgombea mmoja tu ili tusionekane walafi. Sitanii, imo daftarini. Mwaka 1974, wanawake walipokuwa wamekwisha kupata haki ya kura, kina mama wa kwaya walituokoa, baada ya wanaume kujadili kwa mikutano mitatu kama mwanamke anaweza kuandikwa kwenye orodha. Mwaka 1990 tukaambulia sifuri, tukakaa nje miaka kumi na sita tukiomba. Ndipo mwaka 2006 Mzee Christen Gerber, mtengeneza jibini wa mwisho wa mji huu, akakirudisha kiti na kukikalia vipindi vinne.

Alikikalia yeye, ila maneno yalikuwa yangu. Kila hotuba aliyoisoma kwenye halmashauri niliiandika mimi kwenye meza yangu ya jikoni, kisha nikaenda kuketi benchi la wananchi, nyuma kabisa, kumsikia akiisoma vibaya. Watu walimpongeza mlangoni kwa busara zake. Naye alikuwa akisema, "Ni neema tu, ni neema tu," na mimi nilikuwa nimemshikia koti. Sikuwa na kinyongo naye, mzee wa watu. Lakini nilikuwa nimechoka kusikia maneno yangu yakitoka katika kinywa kingine.

Mkutano wa kupanga orodha ya mwaka huu ulifanyika Jumamosi moja ya Juni, mchana, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya sala. Tulikuwa kumi na mmoja, kama kawaida. Mzee Christen, ambaye pia ndiye mwenyekiti, alisimama akishikilia meza.

"Ndugu zangu, nimechoka. Nimebakiwa na sikio moja, na hilo moja linasikia mambo ya barabara tu. Kiti apewe mwenye nguvu."

Kila mtu akatazama viatu vyake. Kwetu ndivyo watu wanavyogombea. Mwishowe Vreni Wüthrich, kiongozi wa kwaya, akasema, "Dada Lisbeth anayajua mambo ya halmashauri kuliko karani mwenyewe."

"Kweli," wakasema wengine.

"Lisbeth, unasemaje?" Mzee Christen akaniuliza.

Nilikitaka kile kiti mpaka masikio yalikuwa yananiwaka. Nilikuwa na miaka sitini na mmoja, na kanuni yetu inasema aliyefikisha sitini na tano hasimami tena, kwa hiyo kwangu ilikuwa mara hii au basi. Nilikuwa na hotuba nne kichwani tayari. Nikainamisha macho, nikasema, "Kama hakuna mwingine."

Hiyo kwetu maana yake ni ndiyo. Wakapiga meza kwa vidole, ndiyo makofi yetu, na mume wangu Hansueli akanimiminia kahawa.

Sasa lazima nieleze karatasi ya kura, maana huko ndiko nilikoliwa. Viti ni saba, kwa hiyo karatasi ina mistari saba. Kila chama huchapa orodha yake, na jina moja linaweza kuandikwa mara mbili, si zaidi. Mpiga kura anaweza kuitia orodha kwenye bahasha kama ilivyo, akamaliza. Au anaweza kukata jina kwa kalamu na kuandika juu yake jina la mtu wa chama kingine. Ni ruhusa kabisa, na watu wanaipenda. Lakini kila mstari ni kura moja kwa chama cha mwenye jina. Ukimwandika mtu wa wakulima kwenye karatasi yetu, umewapa wakulima kura na sisi umetupunguzia.

Sisi tulisimamisha wagombea wanne. Jina langu liliandikwa mara mbili, juu kabisa. Likafuata la Simon Habegger, daktari wa mifugo, mara mbili. Kisha Vreni mara mbili. Mstari wa saba ukabaki wazi, na Hansueli akakubali kuujaza, mara moja tu, kwa sharti kwamba asichaguliwe.

"Naomba jambo moja," nikasema. "Kwenye kikaratasi cha matangazo tuandike: Itie orodha hii bila kuigusa."

Vreni akaweka kikombe chini. "Tuwaamrishe watu dhamiri zao? Watu wetu si ng'ombe wa kufungiwa kengele, Lisbeth."

"Siamrishi. Naomba. Miaka minne iliyopita tulipoteza mistari tisini kwa wema wa namna hii. Mzee alipona kwa tundu la sindano."

"Kizuri chajiuza," akasema Mzee Christen, "kibaya chajitembeza."

"Mzee, hata jibini lako ulilipeleka sokoni."

"Nililipeleka. Sikulipigia kelele."

Wakacheka, nami nikacheka, ndiyo tabia yangu mbaya. Kikaratasi kikatoka na mstari wa Zaburi na picha ya kilima. Nyuso hatuweki.

Vuli ilipofika, mabango yenye uso wa Fritz Schüpbach yalikuwa kwenye kila ua kuanzia daraja la mto Emme hadi shuleni. Fritz ni jirani yetu na ni wa chama cha wakulima. Gari likizama thelujini, Fritz huja na trekta kabla hujamaliza kumpigia simu, na hapokei hata faranga. Trela lake limekuwa la mtaa mzima. Kwenye halmashauri husinzia. Nimemwona kwa macho yangu kutoka benchi la nyuma, miaka kumi na sita, kidevu kifuani, akiamka tu wakati wa kuinua mikono. Lakini ni mtu mwema, na kwetu hilo linatosha kumaliza mjadala wowote.

Mimi sikuomba kura hata kwa mtu mmoja. Mgombea wetu haombi kura katika mji wake mwenyewe, ingawa haijaandikwa popote. Siku moja dukani kwa mwoka mikate, mama aliyekuwa mbele yangu aligeuka akasema, "Nasikia umo kwenye orodha?"

"Nimo tu," nikamjibu, kana kwamba nimeteleza nikaangukia humo.

Nikaenda nyumbani nikijichukia. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno mawili, nichague mimi, na badala yake nilinunua mkate.

Karatasi za kura huja kwa posta wiki tatu kabla, na watu wengi huzijaza nyumbani. Hansueli alijaza yake siku ya Jumatano, baada ya kula viazi vya kukaanga, akiwa ameisukuma sahani pembeni. Alivaa miwani. Akaizungushia karatasi yake mkono wa kushoto kama mtoto wa shule.

"Unafunika nini?" nikamuuliza.

"Kura ni siri."

"Mimi mkeo."

"Ndiyo maana naifunika vizuri."

Mimi yangu niliitia kwenye bahasha bila kuigusa, na haikunichukua hata dakika. Yeye alikaa muda mrefu. Nikasikia kalamu yake ikipita kwenye karatasi, mstari mmoja mrefu, kisha maneno mawili hivi. Nikajiambia labda amejikata yeye mwenyewe, maana tangu Juni alikuwa akilalamika kuwa mgombea. Nikaosha vyombo, nisimuulize zaidi.

Jumapili ya kuhesabu tulisubiri katika ukumbi wa michezo wa shule. Saa kumi jioni karani akaanza kubandika karatasi ukutani. Orodha zetu zilikuwa 251. Tangu 1934 hatujawahi kufikisha idadi hiyo. Zidisha kwa saba, unapata kura 1,757, na nilikuwa nimepiga hesabu mara nyingi za kutosha kujua kwamba kiti kinahitaji pungufu ya hapo. Vreni akanishika mkono. Kwa muda wa dakika mbili hivi nilikuwa diwani.

Kisha karani akabandika karatasi ya pili, ile ya mabadiliko. Kwenye orodha zetu mistari 214 ilikuwa imekatwa na kuandikwa watu wa vyama vingine. Kutoka kwa vyama vingine sisi tulipata mistari arobaini. Kiti cha mwisho hutolewa kwa hesabu ya kugawanya ambayo sitakuchosha nayo. Mwisho wake wakulima walisimama na 1,600, na sisi na 1,583. Tulikosa kwa kura kumi na saba.

Karatasi ya tatu huonyesha kila mgombea amepata kura ngapi kutoka orodha ya chama gani. Watu wengi hawaisomi. Mimi niliisoma nimesimama, kidole ukutani. Fritz Schüpbach alipata kura 118 kutoka Umoja wa Kikristo. Mimi kutoka orodha ya wakulima nilipata tatu. Kisha nikatazama safu ya watu wetu wenyewe. Simon alikuwa amepoteza mistari kumi na minne, Vreni kumi na saba, Hansueli saba. Iliyobaki yote, mia moja sabini na sita, ilikatwa kwangu.

Nikahesabu tena. Ndani ya chama kiti huenda kwa mwenye kura nyingi, maana yake hata kingepatikana, angekikalia daktari wa mifugo.

Simon alikuwa amesimama nyuma yangu, naye ameiona. "Pole, Dada Lisbeth," akasema. "Mimi wala sikukitaka."

"Najua, Simon," nikamwambia. "Ndiyo maana hawakukukata."

Kesho yake Fritz alikuja mlangoni na soseji mbili kubwa za moshi, amezifunga kwa karatasi.

"Jirani, nimekuja kushukuru. Mia na kumi na nane kutoka kwenu. Hata wenzangu hawanipendi hivyo."

"Hongera, Fritz."

"Nyinyi watu mna roho. Mimi nawaambia wenzangu kila siku, wale wa kusali wana roho." Akakuna kichwa chini ya kofia. "Wewe ulikuwa umesimama pia, sivyo?"

"Nilisimama."

"Basi mara nyingine," akasema, na alisema kwa wema kabisa, maana kanuni yetu ya miaka haijui. Nikapokea soseji. Ningefanyaje? Nilizitia kwenye friji nikaufunga mlango wake kwa nguvu mpaka mayai yakatikisika, na Hansueli akauliza kutoka sebuleni nimevunja nini.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulikunywa kahawa na mkate wa kusuka kama kila Jumapili. Nilidhani watu watanikwepa. Walinijia mmoja mmoja, wanatabasamu, kama waliokuwa na zawadi.

"Mimi nilimweka Fritz," akasema Vreni, akipaka siagi. "Ile theluji ya Februari alivuta gari langu mara mbili, Lisbeth, mara mbili. Nikasema nimlipe nini mtu huyu? Tenda wema nenda zako. Lakini orodha ilikuwa imejaa. Nikajiuliza, nani atakubali kumpisha? Nikasema Lisbeth. Yumo mara mbili, na hatakasirika."

"Ungeweza kukata jina lako. Nawe ulikuwamo mara mbili."

Akafikiri. "Ingeonekana najifanya mnyenyekevu."

Mama Rösli wa shamba la juu, mwenye miaka themanini na tisa, akanishika kiwiko. "Mimi nilimweka yule mwalimu wa kitukuu changu. Ni msoshalisti, lakini mpole."

"Na ulimkata nani, mama?"

"Wewe, mwanangu. Wengine ningewaonea haya."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hawakunikata kwa chuki. Walipotafuta mtu wa kutolewa ili jirani apate nafasi, kila mmoja jikoni kwake, bila kuambizana, aliniona mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa wa karibu na ndiye nisiyelalamika. Walikuwa wananieleza hayo kama sifa, nami nikiitikia kwa kichwa na kuwaongezea kahawa. Nilikuwa na hasira mpaka birika lilikuwa linagonga vikombe.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na Hansueli, kwa njia ya kando ya mto.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Kura ni siri."

"Hansueli."

Akatazama mto. "Mwaka nilipovunjika mguu, Fritz alitupasulia kuni za majira yote ya baridi. Unakumbuka. Hakutaka hata chupa ya maji ya tufaha."

"Nakumbuka. Ulimkata nani?"

"Sasa ningemkata nani?" Akasimama. Alikuwa anashangaa kwa dhati. "Simon si wangu. Vreni si wangu. Siwezi kutoa cha mtu. Kilicho changu ni wewe."

"Jina lako mwenyewe lilikuwapo. Mstari wa mwisho."

"Langu lilikuwa moja tu. Yako yalikuwa mawili."

Na alinishika mkono tukaendelea kutembea. Nataka ueleweke ugumu wa jambo hili. Mtu akikutukana, unajua pa kumwekea jibu. Mimi mume wangu alikuwa amenitoa sadaka kwa kuni, na katika kunieleza alikuwa ameniambia maneno ya mapenzi ambayo hakuwahi kuyasema tangu harusi. Nikakosa pa kuanzia. Nilinyamaza mpaka nyumbani, na naamini alidhani nimeridhika.

Mkutano wa kutathmini uchaguzi ulikuwa Jumamosi, wiki mbili baadaye, saa nane mchana. Watu walewale kumi na mmoja, chumba kilekile, mkate uleule. Tulisali, tukawashukuru waliopika kahawa. Kisha Mzee Christen akasimama kusema juu ya matokeo.

"Bwana alitoa," akasema, "na Bwana ametwaa."

"Si Bwana, Mzee," nikasema. "Ni sisi, kwa kalamu."

Wakageuka. Katibu kwetu haongei mkutanoni, anaandika. Mzee Christen akaligeuza lile sikio lake zima upande wangu.

"Nilikitaka kile kiti," nikasema.

Nimeshuhudia katika chumba kile watu wakikiri mambo mazito: mtu aliyeiba mbao, mtu aliyempiga mkewe. Watu walilia nao na kuwakumbatia. Mimi hakuna aliyenisogelea. Walinitazama kana kwamba nimeanza kuvua nguo.

"Sote tulikuwa tayari kutumika," akasema Mzee Christen taratibu.

"Mimi sikuwa tayari kutumika. Nimetumika miaka thelathini na mmoja. Nilikitaka. Nilitaka kusimama pale na kusema maneno yangu mwenyewe kwa mdomo wangu mwenyewe, na watu wasikie kwamba ni yangu."

"Hukusema," akasema Vreni.

"Ningesema, mngenipa?"

Vreni ni mtu mkweli, hilo lazima nimpe. Aliinamisha kichwa akalifikiria swali lile kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. "Hapana," akasema. "Nadhani tungekukata wengi zaidi."

Hansueli alikuwa anakusanya makombo ya mkate kwa kidole, moja moja, na kuyapanga ukingoni mwa sahani.

Tukaendelea na mambo mengine: kupaka rangi dirisha, zamu za kuleta maua. Niliandika yote. Desturi yetu ni kwamba kabla ya kutawanyika katibu husoma kumbukumbu kwa sauti, na mwenye marekebisho huyaomba hapohapo, yakapigiwa kura kwa mikono. Nikasoma. Moja, sala. Mbili, shukrani. Tatu, matokeo, pamoja na tarakimu zake. "Nne," nikasoma. "Katibu alisema kwamba alikitaka kiti."

Mzee Christen akainua kidole. "Hapo. Tunaweza kulainisha kidogo? Daftari hili watalisoma watoto wetu. Napendekeza tuandike: Katibu alikuwa tayari kutumika, kama angehitajika."

"Lakini alisema alikitaka," akasema Simon.

"Alisema, mwanangu. Alisema kwa uchungu. Sisi tunamjua."

"Kumlinda," akasema Vreni, na akaninong'oneza kutoka upande wa pili wa meza, "ni kwa ajili yako, Lisbeth."

"Wanaokubali?" akauliza Mzee Christen.

Mkono wa Vreni ulikuwa wa kwanza. Mama Rösli akainua wake, akiushikilia kwa mkono mwingine kwa sababu ya bega. Ikafuata mingine. Simon alinitazama, akatazama mikono, akainua wake nusu. Hansueli alikuwa wa mwisho. Aliinua mkono wake akinitazama kwa huruma yote aliyokuwa nayo, kama mtu anayemfunika mwenzake blanketi.

"Kumi. Anayepinga?"

Nikainua wangu.

"Mmoja. Limepita." Mzee Christen akaketi, amechoka, ameridhika. "Basi rekebisha, Lisbeth, tuimbe twende."

Nilikuwa na kalamu mkononi na mkono ulikuwa tayari umeanza kwenda kwenye karatasi, wenyewe, kwa mazoea. Nikauzuia. Nikalizungusha daftari juu ya meza mpaka likamwelekea yeye, nikaweka kalamu katikati ya kurasa.

"Kata wewe, Mzee. Mara hii nataka nione anayekata."

Mzee Christen alivaa miwani, akaitazama sentensi yangu, akaivua. Akaisukuma kalamu kwa Vreni. Vreni akasema yeye hati yake mbaya, akampa Simon. Simon hakuishika kabisa. Alilivuta daftari pembeni kwa ncha ya kidole likafika mbele ya Hansueli. Likakaa hapo. Kura ilikuwa imepigwa, na jambo lililopigiwa kura kwetu lazima lifanyike, na watu kumi walikuwa wanangoja kuimba. Hansueli akaokota kalamu. Alikata taratibu, kwa unyoofu, kwa sababu ni fundi seremala na hajui kupiga mstari uliopinda, kisha akaandika maneno ya Mzee Christen juu yake, yote, hadi "kama angehitajika."

"Hansueli," nikasema. "Nimekasirika."

Akainua uso. Miaka thelathini na minne ya ndoa, na alinitazama kama mtu anayesikia jambo ambalo hajawahi kuambiwa. Nikakumbuka kumbukumbu zote nilizonazo, za chama na za nyumbani, nikaona kwamba ni kweli, hajawahi.